Bungua weupe wamebadilishwa jina: daftari la zamani bado lina kazi?

Swali: Mimi ni bwana shamba mstaafu, naishi Soni, Lushoto. Tangu nianze kazi mwaka 1978 daftari zangu zote zimeandika bungua weupe wa kahawa, yule mbawakawa ambaye funza wake hutoboa shina la mbuni, kuwa ni Anthores leuconotus. Mjukuu wangu anasomea kilimo Morogoro. Likizo iliyopita aliliona daftari akaniambia, "Babu, jina hili limeshaachwa, siku hizi ni Monochamus leuconotus." Nauliza: nani alilibadilisha, kwa idhini ya nani, na kwa sababu gani? Niliyoyaandika miaka yote hiyo yana faida tena? Nimekuwekea wadudu wawili kwenye chupa, mmoja wa mgongo mweupe, mwingine mwembamba mwenye kichwa cha njano. Vijana wa huku wanasema wote ni bungua, hakuna tofauti.

Jibu: Shikamoo Mzee wangu. Chupa imenifikia hapa Tanga salama, haikuvuja njiani, na wadudu wote wawili ni wazima, hata miguu haijakatika. Nimekaa nao mezani siku tatu kabla ya kushika kalamu.

Nianze na lile linalokukosesha raha. Mdudu ni yuleyule. Aliyekuwa akikaushia wakulima mibuni mwaka 1978 ndiye anayeikausha leo, na hakuna mstari hata mmoja wa daftari lako uliogeuka kuwa uongo. Mjukuu wako naye kasema kweli. Jina linalotumika sasa ni hilo alilokutajia.

Jina la kisayansi la mnyama lina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni jenasi, yaani ukoo. Ya pili ni jina lake mwenyewe ndani ya ukoo huo. Sisi wa pwani tunasema Salim bin Hamad: kwanza mtu, kisha mzazi. Wataalamu wa viumbe wanaandika kinyume, mzazi anatangulia. Sasa chukulia imegundulika kwamba baba yake Salim siye Hamad tuliyemdhania. Salim hageuki kuwa mtu mwingine, ataendelea kuitwa Salim. Kinachobadilika ni ubini. Ndivyo ilivyokuwa kwa mdudu wako. Leuconotus amebaki leuconotus, ila ubini wake umetoka Anthores ukaenda Monochamus.

Hilo jina lake mwenyewe lina uzuri wake. Limetoka katika maneno mawili ya Kigiriki, moja ni "mweupe" na jingine ni "mgongo". Aliyempa ni Mwingereza Francis Pascoe, katika miaka ya 1860, akiwa na mdudu mkavu aliyechomwa pini mbele yake. Pascoe hakuwahi kukaa na mkulima wa Usambara, lakini jicho lake liliangukia palepale lilipoangukia jicho la wakulima wetu waliosema "bungua weupe". Mgongo mweupe ndio wa kwanza kuonekana.

Na tatizo limeanzia hapo hapo, kwenye kilicho cha kwanza kuonekana.

Nilipomtoa mdudu wako kwenye spiriti nikamwacha akauke juu ya karatasi, bega lake la kushoto lilikuwa jeusi. Nilidhani ana kovu. Chini ya hadubini nikaona ni sehemu iliyosuguliwa na kizibo cha chupa. Ule weupe wote si rangi ya gamba, ni vinyweleo vifupi vilivyolala kama manyoya ya mbuzi. Vikikwanguka, chini yake kuna gamba la kahawia iliyokolea, karibu na jeusi. Nilipitisha ncha ya brashi ya maji kwenye bega la kulia, mahali padogo kama kichwa cha pini, weupe ukatoka na giza likajitokeza. Kwa hiyo ukimtenga mdudu huyu na wenzake kwa sababu ya mgongo mweupe, umemtenga kwa kanzu aliyovaa.

Mtaalamu anayepanga upya koo hutafuta vitu visivyosuguliwa. Kwa mbawakawa wa pembe ndefu, familia inayoitwa Cerambycidae, mahali pa kwanza pa kutazama ni hizo pembe zenyewe, yaani vipapasio. Chukua pingili ya kwanza, ile nene iliyoshika kichwa, uitazame mwisho wake upande wa nje. Mdudu wako ana sehemu ndogo pale iliyokwaruzika, imezungushiwa ukingo mwembamba, mfano wa kovu la chanjo begani. Kovu hilo wanazaliwa nalo, na ni alama ya kundi zima ambalo Monochamus wamo. Kisha tazama kifua: kila upande una mwiba mfupi. Tazama uso: umesimama wima, bapa, mdomo ukielekea chini. Huo ndio uso wa Lamiinae, familia ndogo iliyo kubwa kuliko zote miongoni mwa mbawakawa hawa. Waliokuja baada ya Pascoe wakiwa na wadudu wengi zaidi mezani, wa Afrika Kusini, wa Afrika Mashariki, wa Kongo, waliwapanga mstari mmoja na kukuta kwamba Anthores hana kitu cha mwilini cha kumtoa nje ya Monochamus isipokuwa ile kanzu. Wakamrudisha kwao.

Wewe umeuliza "kwa idhini ya nani", na wengi hudhani iko ofisi mahali fulani Ulaya inayopiga muhuri. Haipo. Mtaalamu anachunguza, anaandika sababu zake, anachapisha mahali ambapo wenzake wote wanaweza kusoma, na katika maandishi hayo anatamka waziwazi kwamba spishi hii anaihamishia jenasi hii. Basi, hamisho limefanyika. Wenzake wakiridhika na sababu, wanalitumia jina jipya. Wasiporidhika, mwingine anachunguza upya na kuandika kwa nini mdudu arudishwe alikotoka. Ipo Tume ya Kimataifa ya Majina ya Wanyama, iliyoundwa mwaka 1895, lakini kazi yake ni kutunza kanuni na kuamua migogoro ya majina. Haiamui nani ni ndugu wa nani. Kanuni zinazotumika sasa ni toleo la 4, lililoanza kazi tarehe 1 Januari 2000, na tangu mwaka 2012 zinakubali hata maandishi yaliyotolewa kwa mtandao pekee, mradi yameandikishwa kwenye rejista ya majina ya wanyama.

Kanuni zinabana majina sana, ila fikra zimeachwa huru. Mimi naupenda mpangilio huo. Kama undugu wa viumbe ungeamuliwa kwa kura au kwa cheo, mwanafunzi wa Morogoro asingekuwa na njia ya kumsahihisha profesa wa Berlin. Kwa utaratibu uliopo anayo, akiwa na wadudu na akiwa na hoja.

Kanuni nyingine unayopaswa kuijua ni ya aliyetangulia. Hesabu inaanzia mwaka 1758, mwaka ambao Linnaeus wa Sweden alitoa toleo la 10 la kitabu chake cha kupanga viumbe. Kuanzia hapo, jina la kwanza kutolewa kihalali ndilo jina. Bungua wetu alipewa jina na mtu mwingine pia: Fåhraeus, naye wa Sweden, alimwita Herpetophygas fasciatus miaka michache tu baada ya Pascoe, bila kutambua kwamba ni mdudu yule. Fasciatus maana yake mwenye mikanda. Huyu aliangalia ule mchoro wa giza mgongoni, mwenzake aliangalia weupe. Ilipobainika kwamba wote wawili walimwelezea mdudu mmoja, jina la Pascoe likashinda kwa sababu limetangulia, na la Fåhraeus likawekwa chini yake kama jina la pili. Halikufutwa, Mzee. Neno "kufutwa" wanalolitumia watu wengi kwa majina ya viumbe linapotosha. Jina lililotolewa kihalali linabaki kwenye kumbukumbu ya mdudu daima, na mtu yeyote akilikuta kwenye kitabu cha mwaka wowote anaweza kulifuata hadi kwenye jina la sasa.

Mjukuu wako akikuandikia jina kamili, utaona Pascoe ametiwa kwenye mabano: Monochamus leuconotus (Pascoe). Mabano hayo yana maana. Yanakwambia kwamba Pascoe alimpa mdudu jina, ila alimweka kwenye jenasi nyingine. Asingehamishwa, jina la Pascoe lingeandikwa bila mabano. Watu wengi wanaoandika ripoti huyaweka au kuyaacha bila kujali, na kwa kufanya hivyo wanaifuta historia yote ya hamisho kwa alama moja.

Kuna jambo jingine ambalo Mswahili analielewa haraka kuliko Mwingereza, nalo ni upatanisho wa kisarufi. Sehemu ya pili ya jina ikiwa ni kivumishi, inafuata jinsia ya jenasi, kama vivumishi vyetu vinavyofuata ngeli. Mti ni mrefu, kisu ni kirefu. Kile kivumishi kimehama nomino, kimebadili kichwa. Kwa Kilatini kinabadilika mkia. Mbawakawa anayetoboa mikaratusi, aliyetoka Australia na sasa yupo sehemu nyingi za Afrika, Fabricius, mtaalamu wa wadudu wa Denmark, alimwita Stenocorus semipunctatus mwaka 1775. Alipohamishiwa Phoracantha, jenasi iliyoundwa mwaka 1840 na ambayo jina lake ni la kike, akawa Phoracantha semipunctata. Wanafunzi huona mikia miwili tofauti wakadhani ni wadudu wawili. Wa kwako hakupata shida hiyo, mkia wake umebaki "-us" pande zote mbili. Ila ukitafuta maandishi ya zamani kumhusu, tafuta pia Monochammus yenye m mbili katikati, maana wengi waliandika hivyo kwa miaka mingi, na ukitafuta kwa m moja tu maandishi hayo hutayaona.

Sasa utauliza, huyo Pascoe akiwa amekufa zamani, tunajuaje mdudu aliyekuwa mbele yake ndiye huyu wa Soni? Maelezo ya wakati ule yalikuwa mistari michache ya Kilatini, na mistari michache inaweza kuwatosha wadudu watano. Jibu ni kwamba jina halishikiliwi na maelezo. Jina linashikiliwa na mdudu mmoja wa ushahidi, yule aliyetumika kulitoa, anayehifadhiwa makumbusho akiwa na karatasi yake chini ya pini. Kukitokea ubishi, watu wanarudi kwake. Mikusanyo ya Pascoe iko makumbusho ya London.

Mdudu wa ushahidi wa spishi nyingi za milima yetu hayupo hapa. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti Amani, Usambara Mashariki, mwaka 1902, na wadudu waliokusanywa pale na kwenye mashamba ya kahawa ya jirani walipelekwa Berlin kwa wingi. Kolbe, aliyekuwa akitunza mbawakawa wa makumbusho ya Berlin, aliwapa majina wengi kati yao. Ukiona picha za vikaratasi vyao utasoma Usambara, Derema, Nguelo, na herufi za kifupi za koloni, vyote kwa mwandiko mwembamba wa wino mweusi. Baadaye Waingereza waliendeleza kituo hadi kilipohamishiwa Muguga, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1940. Kwa hiyo mtu wa Muheza akitaka kujua kama mbawakawa aliyemwokota nyuma ya nyumba yake tayari ana jina, huenda mdudu wa kulinganisha naye aliokotwa kilomita chache kutoka hapo, lakini yuko kwenye sanduku umbali wa safari ya ndege. Linaniuma hilo, sitaficha. Afadhali siku hizi makumbusho makubwa yanapiga picha wadudu wa ushahidi na kuziweka wazi. Picha haitakuonyesha kila kitu, ila kovu la kwenye kipapasio huonekana ikiwa mpigaji alijua pa kuelekeza taa.

Baada ya macho huja vinasaba. Mguu mmoja wa mdudu unatosha. Maabara inasoma kipande cha jeni moja chenye herufi 658, kisha inakilinganisha na vipande vya wengine. Faida kubwa ya njia hii kwa mtu wa kahawa iko kwa funza. Funza wa bungua ni mweupe, hana miguu, kichwa chake kimezama kifuani, na wa spishi hii na wa spishi ile wanafanana mno. Zamani ilibidi umfuge ndani ya gogo hadi atoke mkubwa, na kwa bungua weupe hiyo ni kazi ya karibu miaka miwili. Sasa funza anaweza kuunganishwa na mkubwa wake ndani ya wiki chache.

Vinasaba vimetikisa pia ngazi za juu. Nimekwambia kovu la kipapasio ni alama ya kundi la Monochamus. Kundi hilo lilikuwa na jina lake, Monochamini, na ndilo nililofundishwa. Mwaka 2020 uchunguzi wa vinasaba wa Lamiinae ulionyesha kwamba mipaka ya makundi mengi ya ndani haikufuata undugu halisi, na Monochamini wakaunganishwa na Lamiini. Jina la mdudu wako halikuguswa, ila ngazi ya juu yake imebadilika. Mjukuu wako akirudi likizo nyingine muulize kama wameshamfundisha hilo, maana vitabu vingi bado havijalifikia.

Familia nzima ya mbawakawa wa pembe ndefu ina spishi zaidi ya 35,000 zenye majina. Mtu mmoja tu, Stephan von Breuning, aliyefariki mwaka 1983, alitoa zaidi ya majina 7,000 ya Lamiinae katika maisha yake, wakiwemo wa Afrika wengi sana. Hakuna anayeweza kutazama wadudu kwa wingi huo na kila mmoja akapata haki yake. Baadhi ya majina hayo yamekuja kuonekana ni ya mdudu mmoja kwa sura mbili, dume na jike, au mkubwa aliyeshiba na mdogo aliyekulia kwenye tawi kavu. Kazi ya kuyapitia moja moja haijaisha, na wengi wa wadudu hao ni wa misitu kama Amani, Magamba na Shume. Naamini kabisa kwamba kazi hiyo inapaswa kufanywa na watu wanaoishi karibu na misitu hiyo.

Turudi kwenye daftari lako. Umeuliza lina faida gani. Maarifa yote ya dunia kuhusu bungua huyu kwa karibu karne nzima yamehifadhiwa chini ya jina Anthores: anataga wapi, anatoka mwezi gani, mvua ikichelewa anafanyaje. Mtu anayelijua jina jipya tu atafungua mlango mmoja na kuukosa mwingine wenye mali nyingi zaidi. Nakuomba usifute neno Anthores hata mahali pamoja. Chukua penseli, kwenye ukurasa wa kwanza andika: "Anthores leuconotus humu ndani ni Monochamus leuconotus wa sasa." Mstari huo mmoja unatosha.

Na jina jipya nalo limeleta kitu. Limetukumbusha tumtazame bungua wa kahawa pamoja na ndugu zake. Monochamus wa kaskazini mwa dunia wanaishi kwenye misonobari, na kule Japani wao ndio wanaobeba minyoo midogo sana inayoua misonobari hiyo. Mdudu mkubwa akitoka hula kwanza magome ya matawi machanga kabla ya kupandana, na katika kula huko ndimo minyoo inamoingia mti. Bungua wetu naye hutafuna magome ya matawi machanga ya mbuni akitoka. Sisemi anabeba ugonjwa. Nasema mtafiti akishajua undugu, anajua pia maswali ya kuuliza.

Kuna mahali hamisho la jina linaweza kugusa sheria na bandari. Uchina na Japani wapo mbawakawa weusi wenye madoa meupe, Anoplophora, wanaoua miti ya machungwa na mingine mingi. Kwa miaka mingi Anoplophora chinensis na Anoplophora malasiaca walihesabiwa spishi mbili. Mwaka 2000 wadudu hao waligundulika wameingia Lombardia, Italia, na walikuwa wa lile umbo lililoitwa malasiaca. Mwaka 2002 wataalamu wawili wa Marekani, Lingafelter na Hoebeke, baada ya kupitia jenasi nzima, waliunganisha majina hayo mawili kuwa spishi moja, chinensis. Sasa mkaguzi wa mimea mwenye orodha ya jina moja, anayepokea cheti chenye jina la pili, atafanya nini asipojua habari hii? Ndugu yao, Anoplophora glabripennis, alifika New York akaonekana mwaka 1996, na Chicago mwaka 1998, akiwa ndani ya mbao za kufungia mizigo. Ndiyo maana mbao za namna hiyo zinazovuka mipaka hutakiwa kutibiwa, mara nyingi kwa kupashwa joto la nyuzi 56 kwa dakika 30 hadi kwenye kiini, na hupigwa muhuri. Tunaoishi mji wa bandari tuna sababu ya kuutazama muhuri huo.

Kuhusu yule wa pili chupani, mwembamba wa kichwa cha njano: vijana wako wamekosea, na kosa hili lina gharama. Huyu ni Dirphya, na kwa sura yake nasema ni Dirphya nigricornis, maana yake mwenye pembe nyeusi. Naye ni wa Lamiinae, uso wake ni uleule wa wima, lakini kipapasio chake hakina lile kovu. Yuko kundi jingine kabisa ndani ya familia ndogo hiyo. Ni binamu wa mbali, si ndugu wa nyumba moja.

Tofauti utaiona kwenye mbuni bila hadubini. Bungua weupe jike hutaga chini, kwenye shina karibu na ardhi. Funza hutafuna kwanza chini ya gome akilizunguka shina, kama mtu anayeuvua mti mkanda, na hapo ndipo majani huanza kugeuka njano na mti kunyauka juu wakati jeraha liko chini. Kisha anaingia ndani ya mti. Ukiona unga wa mbao umemwagika kwenye kisiki, ni huyo. Wa kichwa cha njano anaanzia juu, kwenye tawi. Tawi linanyauka ncha, na funza anashuka ndani yake akitoboa vitundu vidogo mfululizo, vimepangana kama vya filimbi, akielekea kwenye shina.

Kwa hiyo dawa yao si moja. Wa kichwa cha njano ukimwahi, unakata tawi chini ya kitundu cha mwisho na kulichoma, mti umepona. Ukifanya hivyo kwa bungua weupe hujafanya lolote, kwa sababu yeye hayuko juu. Huyo unamzuia kwa kulisugua shina la chini kwa gunia au kigunzi cha mahindi, upole, bila kuumiza, ili magome yaliyobabuka yasimpe jike mahali pa kutagia. Aliyekwisha kuingia unamfuata na waya au spoki ya baiskeli. Mti uliozungukwa wote ng'oa uchome kabla ya mvua, kwa maana wakubwa hutoka mvua zinapoanza, na gogo la mbuni lililoegeshwa nyuma ya jiko kama kuni litawatoa wote warudi shambani. Haya unayajua kuliko mimi, Mzee. Nimeyaandika kwa ajili ya vijana wanaosema hakuna tofauti.

Jambo la mwisho ni kuhusu chupa yenyewe. Ndani hamkuwa na karatasi. Barua yako inasema Soni, lakini barua na chupa vikitengana, wadudu hawa watakuwa wametoka popote. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo masanduku ya wadudu yalipakwa rangi upya, na aliyeyapaka alitoa vikaratasi vyote akaviweka kwenye bahasha moja ili visichafuke. Mbawakawa wa miongo mitatu walibaki wamesimama kwenye pini zao, wazuri, na hakuna aliyeweza kusema hata mmoja katoka mlima gani. Nilikaa nao miezi nikijaribu kuwaunganisha na vikaratasi vyao, nikafanikiwa kwa wachache sana.

Safari nyingine weka kipande cha karatasi ndani ya chupa, kimeandikwa kwa penseli, maana wino wa kalamu huyeyuka kwenye spiriti. Andika kijiji, tarehe, jina la aliyemkamata, na alikuwa juu ya mti gani. Spiriti iwe kali, ubadilishe baada ya siku moja, na usitumie fomalini hata ukipewa bure, maana inaharibu vinasaba.

Huyu wa mgongo mweupe nimemchoma pini kupitia bawa la kulia, nimempanga vipapasio nyuma ya mwili ili visivunjike. Ni dume, pembe zake zinapita urefu wa mwili. Mguu mmoja wa nyuma nimeutenga kwa ajili ya maabara. Kikaratasi chake nimekiandika "Tanzania, Tanga, Lushoto, Soni, juu ya mbuni", na chini yake nimeacha nafasi ya tarehe. Angalia daftari lako siku uliyomkamata, kisha unitumie.